Kabla hujanunua winchi ya umeme

Tanga, Julai

Ndugu yangu Hamadi,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila kusi imeshika kasi na samaki wamepanda bei.

Barua yako nimeipata. Nikikusoma vizuri, unatafuta mtu wa kukubariki utoe hela ya winchi ya umeme ya kuivutia boti yako kwenye trela pale ufukweni. Mimi si mtu huyo. Boti ya futi 18 yenye mashine, mafuta na nanga haiko mbali na kilo 800, na kama lazima mwite vijana wa ufukweni kila mkirudi, basi kuna kitu kinaishika. Winchi ya umeme haitajua ni nini. Itavuta tu mpaka ukatike mkanda au ing'oke pete ya omo, kule mbele ya boti.

Anza na saa ya maji. Hapo Kunduchi, kama huku kwetu, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kwenye saa nne. Wewe unarudi saa nne asubuhi kwa sababu samaki wameacha kula, unakuta maji yako mbali na ufuko umelala kama meza. Mahali penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, ukitaka kina cha nusu mita chini ya trela lazima uende mita 10 ndani ya maji, na gari linafuata. Sehemu ya juu ya ufuko ndiyo yenye mteremko mkali zaidi, na maji huifikia yakikaribia kujaa tu. Kwa hiyo tia nanga nje, mle chakula, mtoe boti kama saa moja kabla maji hayajajaa sawasawa. Ikikwama, maji yenyewe yataiinua. Ukifanya kazi hiyo maji yakitoka, utapwelewa, na utayasubiri mpaka jioni huku watu wakipita na kukupa ushauri.

Maji yakijaa gari nalo liko hatarini, ndiyo maana sitaki uliingize. Mchanga wa juu ni mkavu na laini, kwa hiyo punguza upepo wa matairi na uweke mbao chini yake. Liache gari pale juu, hendibreki imefungwa na kabari nyuma ya matairi. Trela ifungue kwenye gari, ifunge kwa kamba nene ndefu, uishushe polepole kwa gurudumu lake la mbele. Ukimaliza, gari linavuta kamba. Chumvi haigusi breki zako wala injini.

Sasa trela yenyewe. Ipandishe juu ya matofali, uzungushe rola moja moja kwa mkono. Naapa utakuta baadhi zimeganda kwa kutu, na rola iliyoganda ni breki. Badilisha vyuma vyake vya katikati, tia grisi. Zile mbao mbili za kulalia boti zimefunikwa zulia, na zulia la baharini hushika mchanga likawa msasa. Libandue, upigilie vipande vya plastiki ngumu, vichwa vya misumari vizame ndani. Wazee walipaka shahamu na chokaa chini ya majahazi, najua utalikumbuka hilo, lakini wewe usipake mafuta kwenye mbao. Yatanasa mchanga uleule. Na plastiki inateleza kweli: usifungue mkanda wa winchi mpaka tezi, yaani nyuma ya boti, ianze kuelea, la sivyo boti itashuka yenyewe nchi kavu.

Halafu nguzo. Fundi wa kuchomelea akuwekee vyuma viwili vilivyosimama nyuma ya trela, kulia na kushoto, uvivike mabomba ya plastiki meupe. Kwangu hakuna kilichopunguza kelele kama hizo nguzo. Trela ikiwa chini ya maji huioni, lakini nguzo unaziona, na boti ikiingia katikati yake haina pa kwenda ila mahali pake. Kusi inakupiga ubavuni hapo, kwa hiyo njoo taratibu ukilenga nguzo ya joshini, upande upepo unakotoka, nao utakusogeza katikati. Mwenzako asimame majini upande huohuo akishika kamba ya tezi. Mashine iinue kabla panga lake halijagusa mchanga.

Kosa la wengi ni kuizamisha trela kupita kiasi wakidhani maji mengi ndiyo wepesi. Boti inaelea juu ya kila kitu, inakaa upande, na ukivuta inalala vibaya. Mnaishusha tena, mnaanza upya. Zamisha mpaka nyuma ielee lakini omo iguse rola ya mbele. Ukipata kina hicho, piga alama ya rangi kwenye nguzo, siku nyingine usikisie.

Mengine ni madogo. Kizibo cha tezi kifungue ukishafika juu, maana lita 100 za maji ya bahari ndani ya boti ni zaidi ya kilo 100 unazovuta bure. Ukitoka kwenye foleni habu za magurudumu, pale beringi zinapokaa, huwa zimepata moto. Ukizitumbukiza hapohapo hewa ya ndani inasinyaa na kufyonza maji ya chumvi mpaka kwenye beringi. Zipoe kwanza, na taa za trela zichomoe. Kisha, ukishatoka, ioshe trela kwa maji ya bomba, kila mara, hata kama umechoka.

Nipimie upana wa trela nyuma, kutoka chuma hadi chuma, na unene wa chuma chenyewe, unitumie. Fundi wa huku ni hodari na hana bei ya Dar. Nguzo nitazituma kwa basi, hela utanipa tukionana. Na ile nyavu ya jarife uliyoniahidi bado naisubiri.

Nduguyo,
Salimu