Watoto wa awali washike vitu kabla ya kushika kalamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa lugha katika madarasa ya awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, lakini katika madarasa mengi mtoto wa miaka mitano bado huketi akiimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa kufuata fimbo ya mwalimu ubaoni, na anaweza kuukariri mstari wote bila kutambua kwamba "ba" hiyo ndiyo inayoanza bata na bakuli.

Nionavyo mimi, dhana za lugha zianzie mikononi. Ndoo moja na vizibo vya soda vinatosha kwa kipindi kizima. Mtoto atumbukize kizibo, kisha aulizwe, "Kizibo kiko wapi?" Atajibu, "Kimo ndani ya ndoo." Kikitolewa na kuwekwa juu ya meza, "Kipo mezani." Tofauti hiyo, ambayo hata wanafunzi wa sekondari huichanganya wanapoisoma kama kanuni ya sarufi, mtoto huyu ameipata kwa kuitenda. Kikiongezwa kizibo cha pili, "kimo" hugeuka "vimo". Na mtoto anayezungumza Kimaasai nyumbani, lugha isiyo na ngeli kama zetu, anausikia upatanisho huo huku akiviona vitu vyenyewe.

Vizibo hivyohivyo hufundisha silabi: mtoto hutamka "ba-ku-li" akiweka kizibo kimoja kwa kila pigo la sauti, kazi ambayo Kiswahili huirahisisha kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu. Herufi zifuate baadaye, kwanza kwa udongo wa kufinyanga na kwa kidole mchangani, ili vidole vikomae kabla ya penseli.

Najua madarasa yetu yamefurika, na kazi ya vikundi humchosha mwalimu kuliko kuimbisha. Ndiyo maana nawaomba wathibiti ubora wa shule wasiishie kukagua madaftari, bali wakae na watoto, wawape vitu mkononi na kusikiliza wanavyovielezea. Wazazi wenzangu nao wasimlaumu mwalimu kwa daftari tupu kabla hawajamuuliza mtoto amecheza nini leo shuleni, na kumwacha aeleze mpaka amalize.

Mzazi na mwalimu wa awali,
Morogoro