Risala ya Klabu ya Huduma ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu na watumishi wote,
Viongozi wa dini na wa serikali ya kijiji,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima wa kukutana leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika. Tunajua kazi zako ni nyingi na njia ya kupanda huku ilivyo. Wapo waliokubali mwaliko kama huu kisha wakatuma mwakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, na kwa hilo umekwisha kutuheshimu.

Klabu hii ilianza na wanafunzi tisa na majembe mawili. Leo ina wanachama 64, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Tulichukua desturi ya klabu za vijana za Interact, zilizoasisiwa chini ya Rotary, chama cha kimataifa cha huduma kwa jamii, mwaka 1962 huko Melbourne, Florida, nchini Marekani: kila mwaka klabu ifanye angalau mradi mmoja wa kuwasaidia watu wa nyumbani na mmoja unaovuka mpaka wa nchi. Kuhusu historia hayo yanatosha, maana mengine yapo kwenye kumbukumbu za klabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa, na tunathubutu kusema hayana mfano katika tarafa hii. Tumepanda miche 300 kuzunguka zahanati na shule ya msingi jirani, na zaidi ya nusu imeshika. Nyumba nne za wazee wasio na wa kuwasaidia zimeezekwa upya kwa nguvu za wanafunzi. Zahanati inafanyiwa usafi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi bila kukosa. Zaidi ya hayo, wanachama wetu, wasichana kwa wavulana, wameshona taulo za kike za kufua 480 kwa cherehani mbili za mguu.

Kazi ya taulo ina masharti yake, na tunayataja kwa sababu ombi letu la leo limetokana nayo. Flaneli, yaani kitambaa laini cha pamba, hufuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba mpya hunywea. Ukiikata kabla ya kuifua, taulo hujikunja mara ya kwanza inapofuliwa na pembeni hubaki wazi. Kitambaa cha katikati kisichopitisha maji hakichomwi pini hata moja, kwa sababu kila tundu la pini litavuja. Tunakibana kwa vibanio vya nguo hadi mshono wa pembeni ukamilike. Nje tunaweka kitambaa cha rangi ya giza chenye maua, ili msichana asione haya kukianika juani. Taulo ikifichwa chini ya godoro haikauki vizuri, na unyevu huo huleta muwasho na maradhi. Inafaa kutumika tena ikiwa tu imefuliwa kwa sabuni na maji ya kutosha. Tukimpa binti taulo tusimpe maji ya kuifulia, hatujamsaidia.

Kuhusu msaada wa nje ya nchi, jirani zetu wako karibu. Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kimbunga Kenneth kililipiga jimbo la Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019. Tarehe 15 Desemba 2024 Kimbunga Chido kikaingia nchi kavu wilayani Mecúfi, katika jimbo hilohilo. Katika vimbunga vya namna hiyo paa za shule huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kung'oka, na madaftari huloa yakaharibika. Mpango wetu wa mwaka huu ni kupeleka taulo 200 na madaftari matupu 1,000. Vitabu vya kiada hatupeleki, kwa kuwa wenzetu wanasoma kwa Kireno na vyetu vingebaki kuwa mzigo wa kuhifadhiwa tu. Nguo kuukuu nazo hatupeleki. Zinachukua nafasi kubwa kwenye gari, zinahitaji watu wa kuzichambua mahali ambapo watu wamechoka, na mara nyingi hazifanani na mahitaji ya anayezipokea. Tumekusudia kuupitisha mzigo kwa Chama cha Msalaba Mwekundu, ukiwa na orodha ya kila boksi, idadi na uzito wake, kwa maana hata zawadi isiyo na orodha hukwama mpakani. Hapo tunaomba barua yako moja ya utambulisho kwa maofisa wa forodha wa Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja linalovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Hilo ni ombi dogo, na tunaamini halitachukua muda wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi kubwa ni maji.

Wewe unaijua nyanda ya juu ya Makonde. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini mchanga wetu unakwenda chini sana, maji yanazama, na huku juu hakuna mto wala kisima kifupi cha kutegemea. Maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na pampu ikiharibika au umeme ukikatika, koki za juu ndizo hukauka kwanza. Kwa hiyo kuanzia Mei hadi Novemba wanafunzi wanakuja na madumu, na wanaobeba madumu hayo mara nyingi ni wasichana. Vibuyu chirizi, yaani madumu ya kunawia mikono yanayochuruzisha maji kidogo kidogo, tulivyovitundika mbele ya vyoo vinabaki vikavu. Chumba cha wasichana tulichokitenga kina mlango, kitasa na ndoo, ila maji hakina.

Paa tunalo. Jengo la madarasa matatu lina paa la bati lenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 9, yaani mita za mraba 252. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka na kumwagika, kila milimita ya mvua inatupatia lita 200. Hata msimu ukiwa hafifu, wa milimita 800, paa hilo moja linamwaga zaidi ya lita 160,000, na zote leo zinachimba makorongo nyuma ya darasa.

Mahitaji tumeyahesabu kwa ubahili. Wanafunzi 400 wakinawa kwa kibuyu chirizi, nusu lita kwa kila mmoja kwa siku, hizo ni lita 200. Kati ya wasichana 200, siku yoyote ile wastani wa 35 wako katika hedhi. Wengi hubadili nyumbani, hivyo tumeweka wasichana 12 kwa lita tano kila mmoja, jumla lita 60. Kwa siku ni lita 260, na kwa siku 130 za masomo katika kiangazi ni lita 33,800. Tenki la saruji na wavu wa waya lenye kipenyo cha mita 5 na kimo cha mita 2 linabeba lita 39,000. Akiba inayobaki ni ya koki itakayosahauliwa wazi, maana katika shule yenye watoto 400 jambo hilo halikosekani.

Mheshimiwa, hapa tunaomba uturuhusu tuseme wazi, kwa heshima zote. Ombi hili si geni katika uwanja huu. Mgeni wetu mmoja alisimama hapo ulipo akaahidi tenki la plastiki la lita 5,000. Tukapiga makofi, wazazi wakachangia saruji, na ndani ya mwezi msingi wa zege ukawa tayari. Msingi huo upo nyuma ya darasa la kidato cha pili na umeota nyasi pembeni. Aliyefuata alituambia suala hilo analifahamu na lipo katika hatua za mwisho. Barua zetu za kukumbusha zilipokelewa, nakala zenye mihuri tunazo, ila majibu hatujayapata. Ahadi ni deni, lakini leo hatukuja kudai madeni ya wengine. Tumeyataja ili uelewe kwa nini wazazi walioketi pale nyuma wanakusikiliza kwa makini kuliko wanavyopiga makofi.

Tena, tumekwisha kupiga hesabu: tenki lile la lita 5,000, hata lingeletwa, lingekauka siku ya ishirini ya masomo. Kwa hiyo tunakusihi, Mheshimiwa, usiturudishie ahadi ileile. Msingi ule hautapotea. Tutaufanya kuwa sakafu ya kunawia mikono.

Tunachoomba ni vifaa. Hatuombi fedha mkononi. Tunaomba saruji mifuko 60, wavu wa nondo nyembamba (BRC) roli moja, waya wa kuku roli nne, waya wa kufungia, dawa ya kuchanganya na saruji ili isipitishe maji, gata za bati mita 56 kwa pande zote mbili za paa pamoja na vishikio 64, mabomba ya inchi 4 ya kushushia maji, koki mbili za chuma, na fundi mmoja aliyewahi kujenga tenki la namna hii na likasimama. Fundi wa kujifunzia kwetu hatumtaki, maana tenki la saruji linapopasuka chanzo chake mara nyingi ni haraka na uzembe wakati wa kujenga.

Upande wetu, wazazi wamekwisha kuleta malori mawili ya mchanga wa mtoni na kokoto za kutosha. Mchanga wa pwani tuliukataa kwa sababu chumvi yake hula waya. Wanachama watachimba msingi, watachekecha mchanga, watachanganya saruji kwa kipimo cha moja kwa tatu, na watamwagilia maji ukuta asubuhi na jioni kwa siku 21, ukiwa umefunikwa kwa magunia. Bila hivyo saruji hukauka kabla ya kushikana na hupata nyufa ndogo ambazo niru, yaani uji wa saruji wa kupaka juu, haizizibi. Maji hayo ya ujenzi, kiasi cha lita 4,000, tutayanunua wenyewe kwa mfuko wa klabu. Kazi ikikamilika, tenki litajazwa kidogo kidogo, na halitaachwa tupu likichomwa na jua.

Gata nazo tumezifikiria, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi ya mvua inapofia. Gata iliyofungwa sawasawa bila mteremko humwaga maji katikati. Yetu itashuka sentimita moja kwa kila mita mbili, na vishikio vitakuwa kila sentimita 90 ili isilegee. Kwenye ukingo wa bati tutafunga kinga ya bati iliyokunjwa, kwani mvua kubwa hurusha maji nje ya gata. Kuna jambo jingine la huku kwetu: kuanzia Juni mikorosho hupulizwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lake hutua juu ya paa pamoja na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo bomba la kushushia litakuwa na kiungo cha kufungua, na mvua ya kwanza ya msimu itamwagwa yote. Mlango wa maji utawekewa wavu mwembamba ili mbu wasizaliane ndani. Ufunguo wa koki utakaa kwa mwalimu wa zamu, na kamati ya wanafunzi sita itasoma kina cha maji kila Ijumaa na kukiandika ubaoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kalenda yetu haina nafasi ya kusogezwa. Vifaa vikifika kabla ya tarehe 30 Septemba, ukuta utajengwa Oktoba, siku 21 za kumwagilia zitaisha Novemba, na tenki litapokea mvua za mwanzo. Paa letu linahitaji milimita 195 tu kulijaza, kiasi ambacho kwa kawaida hupatikana katika miezi miwili ya kwanza ya msimu. Vifaa vikifika Novemba, mvua itaosha lipu mbichi, kazi itasimama, na wanafunzi wa kidato cha nne walioanzisha hesabu hizi watamaliza shule wakiwa bado wanabeba madumu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kabla hujaondoka. La kwanza ni kwamba Katibu wa klabu anayo karatasi ya vifaa hivi pamoja na vipimo vyake. Tunaomba uweke alama kwenye vile utakavyoweza kutusaidia, hata kama si vyote, na uandike tarehe na jina la mtu wa ofisi yako tutakayemfuata. Tutakushukuru zaidi kwa mifuko kumi yenye tarehe kuliko sitini isiyo na tarehe. La pili ni kwamba, baada ya risala hii na kabla ya chakula, tunaomba utembee nasi hatua chache hadi nyuma ya darasa la kidato cha pili, uone paa, uone msingi, na fundi wa kijiji akuonyeshe mahali tenki litakapokaa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Huduma ya Wanafunzi