Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Reli yetu ifike Ziwa Nyasa

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mbeya.

Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya Mlimba na Makambako, kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote kwa mahandaki na madaraja yake. Hadithi yake tuliikariri tangu utoto: walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ikabanwa upande wa kusini, shaba yake ikahitaji bahari nyingine. Nchi za Magharibi zikasema reli hiyo hailipi. China ikakopesha bila riba, kazi ikaanza 1970, na 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam.

Reli hiyo ilipofika Mbeya ikakata kwenda Tunduma. Ziwa Nyasa likabaki kusini, peke yake.

Reli ya Kati haikuyaacha maziwa. Ilifika Kigoma 1914, na Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani ikaletwa vipande vipande, inajulikana Ziwa Tanganyika lote. Tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza 1928. Huko kuna MV Umoja, meli yenye reli sitahani: behewa linaingia na mzigo wake na kutokea Port Bell, Uganda, bila gunia kuguswa.

Kyela, kwenye bandari yetu ya Ziwa Nyasa, meli tunazo. MV Mbeya II inabeba abiria, MV Njombe na MV Ruvuma zinabeba shehena. Lakini mzigo ukishuka bandarini, njia ni moja tu: lori. Mwezi uliopita, juu ya Tukuyu, nililiona Fuso la mchele likipanda kwa gia ya kwanza, mvua inanyesha. Utingo alikuwa anakimbia nyuma yake na jiwe mikononi, tayari kulitupa chini ya tairi likirudi nyuma. Kijana mdogo, pekupeku. Sijamsahau.

Kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, tofauti na milimita 1,000 za reli ya zamani ya Kati. Ndiyo maana Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hulazimika kuhamishwa behewa. Upana wa Malawi ni huohuo wa TAZARA, na reli yao inafika ziwani, bandari ya Chipoka. Tukiwa na tawi la Kyela na meli ya mabehewa kama Umoja, behewa la Makambako linaweza kwenda Malawi bila kufunguliwa.

Najua kutoka Mbeya hadi ziwani ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000. Mlimba nako ni bondeni na Makambako ni juu kwenye baridi, na walipanda.

Wakati huu TAZARA inapozungumziwa kufufuliwa, naomba upimaji wa tawi la Mbeya–Kyela uingie kwenye mpango, kwa maandishi na kwa fedha. Naomba pia uje mwenyewe. Panda treni mpaka Mbeya, kisha shuka kwa barabara hadi bandarini siku ya mvua, wakati wa mavuno ya mpunga.

Wako mtiifu,
Mwana wa kibarua wa reli, Mbeya