Kwa nini hatufungi kitenge bila kukipima

Mara tatu mwezi huu tumeandikiwa neno lilelile: "Mnauza ghali, kitenge hichohicho Kikuubo ni bei ya chini." Ni kweli. Ukifika mwenyewe Kikuubo, soko la jumla hapa Kampala, Uganda, ukakishika, ukapatana na mwenye duka, utapata nafuu. Lakini ulie mbali, Arua au Kasese, hukishiki. Unaona picha kwenye simu, unatuma pesa, halafu unangoja basi. Bei yetu inalipia macho na mikono ambayo huna hapa Kampala.

Kila kitenge tunakikunjua chote mezani. Tunakipima, kwa sababu vipo vilivyoandikwa yadi 6 na ukipima unakuta 5 na nusu, na wewe utaambiwa na fundi akiwa ameshaanza kukata. Kisha tunalowesha pembe moja na kuisugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, kitenge kinarudi kilikotoka, hata kama ndicho cha mwisho. Video tunaipiga nje, mchana, maana taa ya dukani hugeuza buluu ikaonekana zambarau. Ukiridhika ndipo tunafunga.

Hapo ndipo wateja wengi hutaka njia ya mkato. "Tuma tu leo, video ya nini?" Mwaka 2019 mama mmoja wa Kasese alituambia hivyo, kwanjula ya binti yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ilikuwa Jumamosi. Tukakubali. Vipande 8 vikaingia basi la jioni bila kuloweshwa. Alipovifua kabla ya kuvipeleka kwa fundi, vinne vikachuja, maji yakawa mekundu beseni zima. Akatupigia akisema tumemwibia. Tulimrudishia pesa ya vile vinne pamoja na nauli ya mzigo, siku ileile, lakini yeye alikuwa ameshakimbilia vingine mjini kwake kwa bei ya juu zaidi. Tulipaswa kumkatalia. Tangu hapo hatufungi bila kupima, uwe na haraka ya namna gani.

Kuhusu nauli ya boda na basi: hatuongezi hata shilingi, tunakutumia picha ya risiti. Na pesa ya simu, tangu 2018, ina ushuru wa asilimia 0.5 tunapoitoa, mbali na ada ya kampuni. Hiyo tunabeba sisi.

Januari 2021 mitandao ilizimwa. WhatsApp ilirudi, Facebook haikurudi, na ukurasa wetu ulikuwa huko. Nilikaa na daftari la oda nikapiga namba moja baada ya nyingine. Wale tuliokuwa tukiwapunguzia bei kila mara walikuwa wameshahamia kwa aliye nafuu kuliko sisi. Waliobaki, wengi wao, ni wale waliowahi kupata tatizo nasi na pesa yao ikarudi bila kuzungushwa.

Yule mama wa Kasese aliagiza 6 mwezi huohuo. Akataka video ya kila kimoja, na ya kitambaa cheupe pia.