Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuambiana Ukweli Kuhusu Picha za Majaribio

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya kazi za chama chetu cha wapiga picha mbele ya Mkutano Mkuu wa kila mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya katibu amekwisha kuigawa, hivyo hayo sitayarudia. Nafasi hii nitaitumia kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, na ambalo kwa miezi kadhaa lilitugawa, nalo ni namna tunavyoambiana ukweli kuhusu picha za majaribio, yaani zile zinazofanywa kwa njia zisizo za kawaida.

Mnakumbuka tulikotoka. Katika vikao vyetu vya kutazamana kazi, picha ilibandikwa ukutani, mwenyewe akasema maneno mawili matatu, nasi tukasema "hongera, kazi nzuri" na kupita kwenye picha inayofuata. Kwa picha za harusi au za habari desturi hiyo haikutudhuru sana, kwa kuwa hata anayenyamaza huona kwamba mwanga umezidi au kwamba kichwa cha bwana harusi kimebaki nje ya fremu. Picha ya majaribio haina kipimo cha namna hiyo. Mtu anapoleta karatasi ya buluu ambayo haikupita kwenye kamera kabisa, au picha iliyopigwa kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa sindano na kutumiwa kama kamera, sheria tulizozizoea hazitusaidii, na hapo ndipo wengine wetu husifu kila kitu kwa kuogopa kuonekana hawaelewi, na wengine hukataa kila kitu kwa madai kwamba ni kosa lililopewa jina zuri. Mwaka huu nimeyashuhudia yote mawili, na la kwanza nililifanya mimi mwenyewe.

Mwanachama wetu mmoja, kijana anayeishi Kigamboni, alianza kufanya sianotaipu, ile njia iliyobuniwa na mwanasayansi John Herschel wa Uingereza mwaka 1842, ambayo mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, aliitumia kuchapa picha za mwani. Karatasi hupakwa dawa yenye chumvi za chuma na kukaushwa gizani, kitu hulazwa juu yake na kuwekwa juani, kisha karatasi husuuzwa kwa maji hadi palipopigwa na jua pawe na buluu iliyokoza na palipofunikwa pabaki peupe. Kijana huyu alilaza kanga kuukuu za bibi yake, ambazo kwa kufuliwa miaka mingi zimekuwa nyepesi kiasi cha kupitisha mwanga, ili pindo, mji na jina la kanga vijichape vyenyewe. Alipotuletea karatasi za kwanza mwezi Machi, buluu yake ilikuwa imepauka na sehemu nyeupe zilikuwa na umanjano. Nililiona hilo. Hata hivyo nilisimama nikasema kwamba kule kupauka kunaleta hisia ya kumbukumbu, ya nguo iliyofuliwa mara nyingi, na wengine wakaidaka kauli hiyo na kuirudia. Ukweli ni kwamba kwanza niliiona picha kuwa dhaifu, kisha nikatafuta maneno ya kuniwezesha nisiseme hivyo. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na ninamwomba radhi mbele yenu.

Kijana alituamini. Alichapa karatasi kubwa zaidi kwa njia ileile kwa ajili ya maonyesho ya Agosti, na siku ya kuzitundika tulikuta sehemu zilizokuwa nyeupe zimegeuka samawati iliyofifia, na jina la kanga, ambalo ndilo lililobeba kazi nzima, halisomeki. Ndipo mama mmoja miongoni mwetu, aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha giza cha studio akisafisha picha, alipomuuliza anasuuza kwa maji gani, kwa muda gani, na kama alikusudia picha zake ziwe hivyo. Kijana alijibu kwamba maji ni ya kisima, kwamba anasuuza kwa dakika chache kwa sababu maji yenyewe anayabeba kwa ndoo, na kwamba hakukusudia. Alitaka buluu iliyokoza, ila sisi tulipomwambia kwamba kupauka kunapendeza, akaacha kuitafuta.

Maelezo ya mama yule yanafaa kuingia katika kumbukumbu zetu. Buluu ya sianotaipu huliwa na maji yenye asili ya magadi au chokaa, na visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni wa chokaa. Dawa isiyotoka kwenye karatasi nayo huendelea kupokea mwanga, ikageuka buluu kidogo kidogo pale palipotakiwa kubaki peupe. Alimshauri atie siki kidogo au maji ya ndimu katika beseni la kwanza, na asuuze mpaka umanjano uishe kabisa. Karatasi aliyoileta Oktoba wengi mliishika mikononi: nyuzi za kanga zilionekana mmoja mmoja, na karibu na pindo kulikuwa na kiraka, na mishono ya sindano ya bibi yake ikienda upogo kidogo kama mtu aliyeshona usiku. Mishono hiyo ilikuwapo kwenye kanga tangu Machi, na sifa zetu ndizo zilizochelewesha kuonekana kwake.

Upande wa pili ulijitokeza kwenye kikao cha Juni. Mwanachama alileta picha ya feri pale Magogoni, iliyopigwa kwa kopo, karatasi ikiwa imepokea mwanga kwa dakika kadhaa. Mwenzetu mmoja, ambaye ametumikia magazeti kwa muda mrefu, alisema papo hapo kwamba feri ya asubuhi haiwi tupu na kwamba picha hiyo ni ya uongo. Aliyeambiwa hivyo hakuonekana kwenye vikao viwili vilivyofuata. Nilimfuata nyumbani, na aliporudi alieleza kwamba watu walikuwapo, na kwa wingi, lakini katika muda mrefu namna ile asiyetulia haachi alama. Aliyebaki ni muuza karanga mmoja aliyekuwa ameketi, naye ameonekana kama moshi. Mkosoaji wake alisikiliza, akaitazama upya, kisha akamwambia jambo zito kuliko lile la mwanzo: kwamba huyo mtu pekee aliyebaki amewekwa pembeni kabisa na bega lake limekatwa, kwa hiyo picha yenyewe haijamwona. Ukosoaji huo ulimpeleka mpiga picha Magogoni asubuhi tatu zaidi. Macho ya mkosoaji yalikuwa yaleyale Juni na baadaye. Kilichoongezeka ni kwamba sasa alijua picha ilifanywaje na ilitaka nini.

Wakati wa mvutano huo niliwasomea habari za Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Uingereza aliyeziacha picha zake na ukungu, ambaye mwaka 1864 alimwandikia Herschel huyuhuyu akihoji ni nani mwenye haki ya kusema ukali halali wa picha, yaani kuonekana kwake bila ukungu, ni upi. Mwaka 1865 jarida la wapiga picha wa London lilimsifu kwa ujasiri wake, lakini likasema kwamba ameupata kwa kutupa sifa nyingine zote za upigaji picha. Baadhi yenu mlichukua habari hiyo kama ushahidi kwamba wakosoaji hukosea. Mimi siichukui hivyo. Ukungu katika picha zake ulikuwa uamuzi, na hapo hawakumwelewa. Lakini negativi zake, yaani vioo alivyochapia picha, zilikuwa pia na mikwaruzo na alama za vidole, na mtu ana haki ya kuuliza kama navyo alivitaka. Kwa wale wanaosema majaribio ni mambo ya wageni, inatosha kuwakumbusha studio ya Omar Said Bakor pale Lamu, aliyeunganisha picha mbalimbali kuwa moja kwa mkono wake mwenyewe, kwenye pwani hiihii.

Kamati ilijaribu pia kubandika picha bila majina, kwa kuwa kijana aliyemwamkia mzee shikamoo mlangoni huona vigumu, saa moja baadaye, kumwambia kwamba picha yake haijakaa sawa. Tulifanya hivyo mara mbili tukaacha. Tunafahamiana mikono, na maneno yaliyosemwa kwa picha isiyo na mwenyewe yalikuwa makali bila kuwa na faida. Badala yake tumekubaliana kwamba mwenye picha anyamaze kwanza, wenzake waseme wanachokiona kabla ya kusema wanachokipenda, kisha aulizwe alichokifanya na alichokikusudia, ndipo ukosoaji ufuate. Naye anayekosolewa asikimbilie kusema kwamba hakueleweka; aandike alichoambiwa, na kikao kinachofuata atueleze alichokikubali na alichokikataa. Kukataa kunaruhusiwa. Wapo waliotaka wanachama wapya waonewe huruma kwa mwaka wa kwanza. Sikuafiki, kwa sababu ya yaliyomkuta kijana wa Kigamboni.

Kwa mwaka ujao, kamati inaomba idhini yenu ya kununua tangi la kuvuna maji ya mvua, litumiwe na wote wanaofanya sianotaipu. Kikao cha kwanza cha Januari kitaanza na picha zangu nne za kuangaziwa mara mbili, yaani picha moja kupigwa juu ya nyingine, ambazo sijawahi kuzionyesha, na nimemwomba kijana wa Kigamboni awe wa kwanza kuzisemea. Amekubali, na ameomba azione wiki moja kabla.

Naomba kuwasilisha.