Gazeti darasani "mbinu mpya"? Mpya kwa nani?

Mhariri,

Barua yangu ya mwisho kwa gazeti lolote niliiandika mwaka 1999. Haikujibiwa, nikaapa basi. Kiapo hicho kimevunjwa na ile habari yenu ya Jumanne, ile yenye picha ya mwalimu kijana kavaa fulana ya mradi, kanyanyua gazeti mbele ya darasa kama mnadi wa mitumba. Mmeandika kwa herufi nene kwamba walimu wamefundwa "mbinu mpya" ya kutumia habari za magazeti kufundishia masomo yote, kuanzia Hisabati mpaka Uraia. Semina ya siku tatu, hotelini, na posho bila shaka. Mpya kwa nani?

Picha yenyewe nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Gazeti alilonyanyua yule kijana ni zima, mkunjo wake bado umekaa kama lilivyotoka kiwandani. Gazeti la kufundishia halikai hivyo. Huwa limekatwakatwa, lina matundu, nusu ya ukurasa wa michezo haipo. Lile ni gazeti la kupigiwa picha.

Tena inashangaza ninyi wenye magazeti ndio mliosahau kwenu. Gazeti la Kiswahili limezaliwa shuleni. Msimulizi lilianza 1888 pale Kiungani, Unguja, kwenye chuo cha UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Habari za Mwezi likafuata miaka ya 1890 kutoka Magila, hapa hapa Muheza ninapoandikia, mwendo wa miguu kwa mwenye magoti mazuri kuliko yangu. Enzi za Mjerumani likaja Kiongozi, nalo mama yake ni shule ya serikali ya Tanga mjini. Mwingereza alipoanzisha Mambo Leo mwaka 1923 alilikabidhi Idara ya Elimu, na ndimo humo Shaaban Robert alimochapishia mashairi yake. Baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Kanda ya Ziwa wakapata gazeti lao, Elimu Haina Mwisho, ili mtu aliyetoka kisomoni asirudi kuwa mjinga kwa kukosa cha kusoma. Zaidi ya miaka mia gazeti na ubao wanakaa nyumba moja, leo mnatujia na mgeni wa heshima kututambulisha kwa mke wetu wenyewe.

Mimi nilianza kazi 1981, shule ya kijijini, mkoa nisioutaja kwa sababu mtakazoziona. Magazeti niliyapata kwa mama muuza maandazi. Yeye aliyanunua kwa kilo kwa ajili ya kufungia, mimi nikampelekea madaftari yaliyokwisha, tukabadilishana karatasi kwa karatasi. Nilikata, nikabandika juu ya maboksi ya sabuni kwa uji wa unga wa muhogo. Mende waliupenda uji ule kuliko watoto walivyoipenda Jiografia, ikanibidi kuyaning'iniza maboksi kwenye kenchi usiku kama nyama ya kukausha. Kipande nilichokitumia kuliko vyote kilikuwa tangazo la tanzia, la mzee mmoja nisiyemfahamu, Mungu amrehemu. Mwaka wa kuzaliwa na wa kufa: toa, pata umri. Anakotoka na atakakozikwa: nenda ramani, pima kwa uzi, zidisha kwa skeli. Ameacha mjane, watoto saba, wajukuu kumi na tisa: chora ukoo, nionyeshe nani ni mpwa wa nani na nani anamwita nani binamu. Kisha andika tangazo lako mwenyewe kwa maneno yasiyozidi arobaini. Kipande kimoja chenye doa la mafuta, wiki nzima, masomo matatu. Hakuna aliyenilipa nauli.

Sasa hiyo 1999. Darasa la sita, watoto 61, namba hasi zimewagomea. Ukiwaambia mtu ana deni la shilingi tano wanakuelewa, ukiandika hasi tano ubaoni wanakutazama kama umeandika Kichina. Nikabandika msimamo wa ligi kuu. Simba na Yanga kila mtoto anazijua, hata asiyejua jina la mkuu wa wilaya. Timu iliyofunga mabao 12 ikafungwa 19 ina nini? Hasi saba! Darasa zima, bila kunyoosha mikono. Nikasogea hatua moja. Nikawaambia kila bao lina mfungaji na mfungwaji, kwa hiyo mkijumlisha safu ya mabao ya kufunga ya timu zote, na safu ya kufungwa ya timu zote, lazima zilingane. Na zile tofauti, chanya na hasi, zote pamoja lazima ziishie sifuri. Wakajumlisha. Haikuja sifuri. Nikawarudisha, wakajumlisha upya kwa vikundi. Ikaja tatu, makundi yote tatu. Nikajumlisha mwenyewe nyuma ya ubao, jasho linanitoka, maana asubuhi hiyo hiyo nyuma ya darasa alikuwa amekaa mkaguzi. Tatu. Gazeti ndilo lililokosea! Mabao matatu yamefungwa Tanzania hii na hakuna golikipa aliyefungwa. Watoto walipiga makofi mpaka darasa la jirani likatoka nje. Katika miaka 35 ya kazi sijawahi kuona watoto wakishangilia jumla. Na yule mkaguzi, unajua aliandika nini kwenye taarifa yake? "Mwalimu anatumia muda wa kipindi kujadili mpira. Zana hazimo katika andalio la somo." Nakala ninayo mpaka leo. Jioni tukaandika barua kwa mhariri wa gazeti lile, simtaji, kwa heshima zote, na hesabu tukaionyesha kama inavyotakiwa, njia na jibu. Watoto wote 61 wakaandika majina yao. Stempu nilinunua mimi. Tukasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila gazeti lililofika lilikaguliwa kwanza na darasa la sita kabla ya mwalimu mkuu. Wiki ya nne msimamo ukaja, tukajumlisha, sifuri. Wamesahihisha! Lakini neno hakuna. Si "samahani", si "tunawashukuru wanafunzi", si hata mstari mmoja chini ya ukurasa wa pili. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Mwalimu, sasa kama walisoma, mbona hawakusema?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Labda ninyi mnalo.

Ndiyo maana naona kichekesho mnaposifia gazeti kuingia darasani. Lile lenu la siku hizi naogopa kuliingiza. Kilo ya mahindi ikitoka shilingi 600 kwenda 900 mnaandika bei imepanda kwa asilimia 150. Imepanda 50. Ikirudi 600 mnaandika imeshuka kwa 50, na hapo imeshuka 33 na kidogo. Mwalimu afanye nini, afundishe Hisabati au awafundishe ninyi? Ramani zenu hazina skeli wala kaskazini. Watu waliopoteza nyumba kwa mafuriko mnawaita wahanga, kana kwamba walijitosa majini kwa hiari kuokoa taifa. Na haya "masaa" yenu, wakati wingi wa saa ni saa, mnayachapa hata kwenye kichwa cha habari.

Halafu kubeti. Ukurasa wa msimamo wa ligi, ukurasa wangu mimi, siku hizi umezungukwa na matangazo ya kubeti juu, chini na ubavuni, kama kaburi lililozungukwa na vichaka. Nikate vipi msimamo bila kukata na namba ya kutumia pesa? Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Juzi alinikuta naangalia matokeo akaniuliza, "Babu, mkeka wako umechanika?" Mkeka wake ni ile karatasi ya kubeti. Nilimwambia mkeka ninaoujua mimi unasukwa kwa ukindu. Akacheka, akanieleza odi, zile namba za malipo ya kubeti, ni nini, taratibu, vizuri kabisa, kwa mifano. Desimali anazijua zote. Somo limeeleweka, ila mwalimu wake si mimi, ni ninyi.

Sasa ninachotaka. Semina sitaki, fulana ninazo. Magazeti yenu yasiyouzwa, badala ya kuyauza kwa kilo, yafungeni kwa kamba ya katani, katani Tanga ipo, mpakie basi lolote la asubuhi hadi stendi za wilaya, na maofisa elimu kata watayafuata. Gazeti la wiki mbili zilizopita kwa mwalimu ni bichi, tanzia haichachi. Ukurasa wa pili wekeni kisanduku cha masahihisho chenye nafasi ya kutaja shule iliyogundua kosa. Chapeni kila Jumatano jedwali la maji kujaa na kupwa la Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, bamvua, maji makubwa, lini na maji mafu, yale madogo, lini, maana mtoto wa pwani anayajua kwa miguu, anachokosa ni kuyachora kwenye karatasi ya grafu. Ramani ziwe na skeli. Na hayo matangazo ya kubeti, kama lazima yawepo, yahamishieni ukurasa wa tanzia. Ndiko fedha za vijana zinakozikwa, mtakuwa mmepanga gazeti kwa mantiki.

Yule mwalimu wa kwenye picha simlaumu. Akipita Muheza aje, nimpe mkasi wangu na maboksi mawili ambayo mende hawakuyafikia.

Pamoja na barua hii nimeambatisha msimamo wa ligi mliouchapa Jumatatu iliyopita, nimeukata kwa uangalifu. Mabao ya kufunga, timu zote, 187. Ya kufungwa, timu zote, 186. Na msiniambie kuna ushindi wa mezani, huo nao huandikwa pande zote mbili. Nimejumlisha mara tatu. Kuna bao moja halina golikipa.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga