Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: tunaomba stoo ya ukumbi, na tunaiomba kwa maandishi

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa kamati ya okestra ya jamii ya mji wetu. Barua zetu za awali zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa muhuri, na hazijajibiwa. Hii tunaiandika hadharani kwa sababu wiki iliyopita kufuli la stoo ya ukumbi wa manispaa lilibadilishwa bila taarifa, ala zikahamishiwa kwenye ghala la mabati nyuma ya karakana ya magari, na mvua ikanyesha. Selo mbili, zile fidla kubwa zinazopigwa mtu ameketi, zimeachia viungo. Besi kubwa imefunguka mgongoni. Klarineti moja ina ufa.

Huenda waliozihamisha waliona masanduku tu, na sanduku hukaa popote. Ndiyo maana tunaona ni wajibu wetu kukueleza kilichomo ndani yake.

Fidla, viola, selo na besi hazina msumari. Ubao wa juu na wa mgongo umeshikwa kwenye mbavu, yaani mbao nyembamba za pembeni, kwa gundi ya ngozi, na mafundi huichagua makusudi: unyevu au joto likizidi, gundi iachie kabla ubao haujapasuka. Huanza kulainika ikikaribia digrii 60 za Selsiasi, na ikipata unyevu huachia hata kabla ya hapo. Nyuzi nne za fidla, zikiwa zimekazwa, huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20, na za selo huvuta zaidi ya mara mbili ya hiyo, mchana na usiku, hata ala ikiwa imelala sandukuni. Mchana bati linawaka, usiku maji yanapenya, na mvuto haupumziki. Viungo vitashikiliaje?

Kibaya zaidi ni huruma ya asiyejua. Akiona ufa hulegeza nyuzi zote kwa mpigo. Ndani ya ala kuna kiguzo kidogo cha mbao ambacho hakina gundi. Kinasimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu. Mgandamizo ukiisha, kiguzo huanguka, na siku ala inapokazwa tena bila kiguzo, ubao wa juu hubonyea. Tafadhali waagize walio na ufunguo wa ghala wasiguse chochote hadi fundi wetu aruhusiwe kuingia.

Kurudisha kiungo kimoja si kazi ya kupaka na kubana. Gundi kuukuu husafishwa kwa maji ya uvuguvugu, ala huachwa ikauke vizuri, gundi mpya hupashwa moto ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kisha vibano hupangwa pande zote. Fidla ikifunguka ubao mzima wa juu huhitaji vibano kama 30. Besi ndiyo usiseme. Baada ya hapo ala haiguswi kwa muda wa saa 24. Fundi anayefanya kazi hii hapa mjini hujitolea. Tunachomlipa ni gundi na nauli. Hatuwezi kumwomba arudie kazi ileile kila msimu wa mvua.

Klarineti na obo, ala za kupuliza, ni habari nyingine. Nyingi hutengenezwa kwa mpingo, mti uleule unaovunwa Tanzania na Msumbiji, mzito na mgumu kuliko mbao nyingi unazozijua. Ugumu wake haumsaidii mtu pale unyevu unapobadilika ghafla. Ndani ya bomba mna maji ya pumzi, nje joto linakausha, ubao unavutwa pande mbili, unapasuka, na mara nyingi ufa hupita kwenye tundu la sauti. Ufa mdogo huzibwa. Ukishafika kwenye tundu, hewa huvuja na mwanafunzi anadhani kosa ni lake.

Mheshimiwa, ala hizi hazikununuliwa kwa fedha za manispaa, na hatujawahi kukuomba ununue hata moja. Zimetolewa na wafadhili, na wafadhili wana masharti. Kwanza hutaka orodha: aina ya ala, namba yake, hali yake, picha. Hiyo tunayo. Pili hutaka mahali pakavu penye kufuli, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 60, na masanduku yasigusane na ukuta wa nje wala sakafu. Stoo ya ukumbi ina dari, ukuta wa matofali na rafu za mbao tulizozitengeneza sisi wenyewe. Tatu, na hapa ndipo tunapokwama, hutaka karatasi yenye saini ya mwenye jengo kwamba tuna haki ya kulitumia kwa muda fulani. Neno la mdomo hawalipokei, hata likiwa lako.

Bila karatasi hiyo hakuna mzigo mpya unaoondoka huko ulikotolewa. Mfadhili analipia meli hadi Mombasa. Kutoka hapo, lori, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 vinatusubiri sisi. Msamaha wa kodi huombwa kabla mzigo haujafika, na kila anayepitia maombi huuliza swali lilelile: vitu hivi vitakaa wapi? Tujibu ghala la mabati?

Sasa watu wanaojitolea. Walimu wa bendi za shule na waliopitia bendi za makanisa wametujazia tarumbeta na tromboni bila shida. Viola, basuni na honi ndizo adimu, na wachache wanaozipiga husafiri kutoka mbali. Besi haipandi boda. Anayejitolea akilipa nauli mara mbili na kukuta mlango umefungwa, mara ya tatu haji, na hatuna haki ya kumlaumu. Okestra ndogo kama yetu, wapigaji 24 wa ala za nyuzi, 12 wa ala za kupuliza za mbao na shaba, na mpiga ngoma za timpani mmoja, huhitaji stendi 25 za karatasi za muziki kwa kuwa wa nyuzi hukaa wawili wawili kwa stendi moja, na ya kondakta ya 26. Kuna anayezipanga, anayenakili karatasi za muziki, anayeandika kwa penseli mielekeo ya pinde ili safu nzima ivute upande mmoja. Wote wanafanya bure. Wanachohitaji ni kujua kwamba Jumamosi mlango utafunguliwa.

Tunasikia, na labda ndiyo sababu yenyewe, kwamba ukumbi sasa unatakiwa kwa harusi na mikutano kwa ajili ya mapato. Hatupingi mapato. Mazoezi yetu ni Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, na tuko tayari kuondoka kabla ya saa sita mchana. Stoo yenyewe haikodishwi na mtu yeyote; ni chumba cha nyuma ya jukwaa.

Wapo pia wanaosema huu si muziki wetu. Waende West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakaangalie kundi la adungu, vinubi vya huko: ndogo za sauti ya juu, za kati, hadi ile kubwa ya besi, zote zimesawazishwa zipatane. Watu wengi kupiga ala tofauti kwa mpango mmoja hakujaanza na sisi hapa. Na jirani zetu wa Kinshasa wana okestra ya simfoni tangu 1994, iliyoanza na fidla chache za kupokezana, ikikatikiwa nyuzi hata waya za breki za baiskeli zikatumika. Wale walikosa ala wakawa na mahali. Sisi ala tunazo.

Ulisimama kwenye jukwaa hilohilo, mbele ya wazazi, ukaahidi kwamba ukumbi huu ni nyumbani kwa watoto hawa na kwamba mkataba ungesainiwa bajeti ikishapita. Mwaka wa fedha umeanza tangu 1 Julai. Mvua za Septemba zimeshaanza.

Tunachoomba ni stoo. Hatuombi ruzuku, hatuombi gari, hatuombi mshahara wa mtu. Rasimu ya mkataba iko ofisini kwako, kurasa mbili, muda wa miaka mitatu, na nafasi ya saini yako iko chini ya ukurasa wa pili. Tunaomba uisaini wiki hii, ufunguo mmoja ukabidhiwe kamati, na ala zitolewe ghalani kabla mvua nyingine haijanyesha. Gari la kuzibeba tutatafuta wenyewe.

Wako kwa heshima,
Kamati ya okestra ya jamii